Gari la maonyesho lisilotembea: ni gari au ni sanamu?

Mwalimu wa Michoro, Tabora Mjini

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha michoro ya ufundi katika sekondari moja hapa Tabora, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo nililijibu papo hapo, kisha usiku nikiwa nasahihisha madaftari nikatambua kwamba sikulijibu hata kidogo. Ninalileta kwenu kwa sababu najua humu wamo mafundi na madereva walioishi na magari kuliko mimi.

Mwaka 2014 nilikuwa Marekani kwa mafunzo ya muda mfupi, nikapata siku moja ya kuingia High Museum of Art, jumba la makumbusho ya sanaa lililoko Atlanta, ambalo msimu ule lilikuwa limepanga ukumbini magari 17 yasiyofanana na gari lolote nililowahi kupishana nalo barabarani. Mengi yalitengenezwa moja tu, si kwa ajili ya kuuzwa, bali ili wazo la mbunifu lionekane kwa macho. Lilikuwapo Yai la Umeme la Mfaransa Paul Arzens, la mwaka 1942, lenye magurudumu matatu, alumini kwa chini na plastiki angavu iliyokunjwa mviringo kwa mbele, kiasi kwamba aliyeketi ndani anaonekana kama kiini. Alilitengeneza Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, petroli ikiwa adimu kwa raia, ndiyo maana linatumia betri. Ilikuwapo Firebird I ya General Motors ya mwaka 1953, ambayo kwa mbali ungesema ni ndege ya kivita iliyopunguzwa mabawa, na injini yake nayo ni ya mfumo wa jeti. Lilikuwapo pia BMW lililovikwa kitambaa badala ya bati, ambalo nawaachia wengine walieleze.

Lililonishika miguu ni Lancia Stratos Zero ya mwaka 1970, iliyochorwa na Marcello Gandini alipokuwa kwa Bertone huko Turin. Kimo chake, kutoka sakafuni hadi juu kabisa, ni sentimita 84. Meza ninayoandikia hapa ina sentimita 75. Haina milango ya ubavuni. Kioo cha mbele ndicho mlango, kinainuka juu, na chini yake kuna kipande cheusi cha mpira ambacho dereva hukikanyaga, akageuka, kisha akajiteremsha kwenye siti miguu ikitangulia. Ilinibidi nipige magoti ili nione ndani. Nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya kile kipande cha mpira kuliko mbele ya gari lenyewe, kwa sababu ndicho kilichonionyesha kwamba aliyelichora alikuwa amefikiria viatu vya mtu.

Katika ukumbi huo huo kulikuwa na Modulo ya Pininfarina, nayo ya mwaka 1970, kazi ya Paolo Martin: nyeupe, bapa, kama sahani mbili zilizofunikana, magurudumu yote manne yakiwa yamefichwa kwa sehemu, na paa lote pamoja na kioo husukumwa mbele ili watu waingie. Juu ya sehemu ya injini kuna matundu 24. Picha hiyo ndiyo niliyokuwa nimeibandika ubaoni siku ya swali. Kijana akanyoosha mkono: “Mwalimu, hili linatembea?” Nikamjibu kwamba siku nilipoliona lilikuwa halitembei, kwani ingawa lilijengwa juu ya chesisi ya Ferrari ya mashindano, lilikuwa la kutazamwa tu. Akasema, kwa heshima kabisa, “Basi si gari, ni sanamu ya gari,” na darasa zima likamuunga mkono.

Nilimwambia ni gari kwa sababu limebuniwa liwe gari. Jibu hilo halinitoshi. Mtungi uliofinyangwa ukawekwa kabatini bila kutiwa maji bado tunauita mtungi, lakini picha ya mtungi hatuiiti mtungi, na Modulo naiona imekaa katikati ya hivyo viwili. Ninyi mnaoshika magari kila siku, mnatumia kipimo gani?

Dereva wa Fuso, Uvinza

Mwalimu, shikamoo. Mimi nipo upande wa huyo kijana wako, na naomba nieleze sababu zangu.

Ninabeba chumvi kutoka hapa Uvinza, mara nyingine kwenda Kigoma, mara nyingine kuja huko kwenu kupitia Kaliua na Urambo. Kwa mtu wa kazi yangu, gari halijulikani likiwa limesimama. Muuzaji huliosha, akayapaka matairi dawa yakang’aa, nawe ukaliona zuri; utalijua siku ya tatu, ukiwa na mzigo, kwenye kipande kibovu cha barabara, pale springi zinapoanza kulia na usukani unapokuvuta upande mmoja. Mambo hayo hayachoreki. Gari ambalo springi zake hazijawahi kulia kwangu halijawa gari bado, hata likipendeza namna gani.

Yai la huyo Mfaransa nalikubali, tena nalipenda, maana limezaliwa na shida ya mafuta, na shida hiyo sisi tunaijua. Kama mwenyewe alikuwa akiliendesha mjini, basi limepita mtihani. Hayo ya kuingilia kwenye kioo ndiyo yananitatiza. Tena umetueleza habari za Modulo tu. Je, Zero nayo ilikuwa haitembei?

Fundi Bodi, Isevya

Binti yangu mwalimu, pole na kazi. Nianze na swali la kijana wetu wa Uvinza. Alivyosema kuhusu Yai ni kweli, Arzens alikuwa akiliendesha mwenyewe katika mitaa ya Paris. Na Zero ilikuwa inatembea. Nyuma ya siti ilifungwa injini ya Lancia Fulvia ya lita 1.6, na baada ya maonyesho ya Turin, Nuccio Bertone aliiendesha kwa mkono wake hadi kwa wakubwa wa Lancia, na kwa sababu ya kimo chake hicho ikapita chini ya kizuizi cha getini bila kizuizi kuinuliwa. Safari ile ilichangia kuzaliwa kwa Lancia Stratos ya mashindano, ambayo iliipatia Lancia ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mara tatu mfululizo, mwaka 1974, 1975 na 1976.

Sasa naomba hapa msome taratibu. Stratos hiyo ililetwa kwenye Safari Rally, hapo Kenya, mwaka 1975. Sandro Munari akawa wa pili, Björn Waldegård akawa wa tatu, wote wawili wakiwa na Stratos. Aliyeshinda ni Ove Andersson, na alichokuwa akiendesha ni Peugeot 504. Vijana wa sasa hawaijui 504, lakini wazee walionifundisha kazi walikuwa wakiitaja kama mtu anavyomtaja ng’ombe wake wa maziwa, kwa sababu ilibeba abiria, magunia na wagonjwa katika barabara ambazo gari jingine lingelia. Kwa hiyo kile ulichokipigia magoti Atlanta, mwalimu, mwanawe alifika kwenye vumbi la Afrika Mashariki, springi zake zikalia sawasawa na anavyotaka dereva, na siku hiyo akashindwa na gari la watu wa kawaida. Hiyo siwezi kuiita sanamu.

Lakini hata Zero isingetembea hatua moja, ningeiita gari, na sababu yangu inatoka kwenye meza yangu ya kazi. Harley Earl, aliyeongoza ubunifu wa General Motors kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyeifanya kampuni ile izoee kuchonga umbo zima la gari kwa udongo laini wa kufinyanga kabla bati halijakatwa. Mpaka leo viwanda vinafanya hivyo: chini kuna fremu, juu yake udongo, na mafundi wanakwangua kwa vyuma vyembamba hadi mwanga upite ubavuni bila kukatika. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya magari yanayopita Tabora yalianza yakiwa vitu visivyotembea.

Ninapomaliza kuweka puti kwenye mlango wa Noah, jicho silipi kazi kwanza. Ninapiga msasa, nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha nafumba macho na kupitisha kiganja kuanzia kwenye kitasa kwenda kwenye madigadi. Jicho hudanganywa na rangi ya zamani iliyobaki hapa na pale, lakini kiganja kikikuta bonde lenye unene wa karatasi kinasimama chenyewe, nami narudia msasa. Wakati huo mlango uko juu ya meza, hauna kioo, hauna bawaba, haufungui wala haufungi kitu chochote. Hakuna mteja wangu aliyewahi kuuita sanamu ya mlango.

Buick Y-Job ya mwaka 1938, ambayo wengi huihesabu kuwa gari la kwanza la maonyesho la namna hii, ilikuwa na taa za mbele za kujificha na vioo vya umeme, na Earl aliitumia kama gari lake mwenyewe kwa miaka. Kwa hiyo desturi yenyewe ilianza na gari la kutembelea. Kitu ninachoweza kumkubalia mwanafunzi kwamba ni sanamu ni Ford Nucleon ya mwaka 1958, gari lililowaziwa kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, kwa kuwa lile liliishia kwenye mfano mdogo ambao mtu mzima hawezi kuuingia.

Mwalimu, kama katika yale 17 uliiona Stout Scarab ya miaka ya 1930, tuandikie. Siti zake zilikuwa zinahamishwa ndani, meza pia ilikuwamo, injini iko nyuma, na yalitengenezwa machache sana. Kila nikitoa siti za Noah ili ninyooshe sakafu yake huwa naikumbuka.

Fundi Siti, Kanyenye

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wa Isevya. Naomba nilichukue lile BMW la kitambaa, kwa sababu limeangukia mikononi mwangu.

Linaitwa GINA, na BMW walilionyesha mwaka 2008, Chris Bangle akiwa ndiye mkuu wa ubunifu. Ngozi yake ni kitambaa kinachovutika, kimepakwa tabaka la kuzuia maji, kimetandazwa juu ya mifupa ya chuma chembamba. Vipande vya kitambaa hicho ni vinne tu kwa gari zima, na kimoja kinaanzia puani, kinapita ubavuni, kinakomea mwisho wa milango. Boneti inafunguka katikati kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Taa zikiwa zimezimwa huzioni kabisa. Zikiwashwa, kitambaa kinaachana kama kope za mtu anayeamka. Ukifungua mlango, kitambaa kinakunjamana pale kwenye bawaba, ukiufunga kinanyooka tena bila alama.

Asiyeshona anaweza kuona ni mapambo. Mimi navisha siti za Hiace na za mabasi, na kazi ngumu kuliko zote katika siti ni kona ya juu, pale mgongo unapokutana na ubavu. Ukikata rekisini ikapungua sentimita moja, mshono unapasuka kabla ya mwezi. Ukiongeza sentimita moja, inakaa na mikunjo ambayo mteja ataiona hata gizani. Ndiyo maana tunaweka mishono mingi, tunagawa kona vipande vitatu, vinne. Hawa wamevisha gari zima kwa vipande vinne, na kona wameiachia mifupa iliyo chini iivute yenyewe. Nimeitazama picha ya mlango ule ukiwa umefunguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado sijui ningeanza kukata wapi. Kwa jua letu la Oktoba na miiba ya njia ya Sikonge kitambaa kile kisingedumu, hilo nalikubali, lakini ninaposhona sasa nakiuliza kila kitambaa kinataka kuvutwa upande gani kabla sijakipa mshono.

Kipimo changu, mwalimu, ni siti. Sanamu ya mtu aliyepanda farasi haina mahali pa wewe kupanda. Gari lina mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya mwili wa mtu, mgongo wake, magoti yake, na mkono unaotafuta kitasa. Modulo ina siti mbili, na paa linasogea ili watu wawili waingie. Nucleon ya mzee haina pa kuketi. Kile kipande cha mpira ulichokitazama kwa Zero, mimi nakihesabu kuwa ni sehemu ya siti.

Mjenzi wa Maboti, Kibirizi, Kigoma

Mwalimu na wenzangu, nawasalimu kutoka ziwani. Sikuwa nimekusudia kuandika kwa sababu magari si kazi yangu, lakini fundi siti ametaja mifupa na ngozi, nikakumbuka gari moja ambalo sisi wa mbao tunalielewa.

Mwaka 2016 Toyota walipeleka kwenye maonyesho ya ubunifu ya Milan gari la viti viwili linaloitwa Setsuna, linalotumia umeme, ambalo mwili wake ni wa mbao. Nje wametumia mti wa Kijapani unaoitwa sugi, fremu ni mti mwingine mgumu zaidi, sakafu na viti navyo kila kimoja na mti wake, kwa hiyo kila sehemu imepewa mti unaoiweza. Ubao wa nje umegawanywa vipande 86. Havikupigiliwa msumari wala skrubu. Upande mmoja umechongwa ulimi, wa pili umechongwa tundu, vikaingiana kwa namna ya kale ya maseremala wa Kijapani. Wabunifu wake wenyewe walisema mstari wa ubavu wake unafanana na mashua, nami nilipoiona picha nilisema hivyo kabla sijayasoma maneno yao.

Sisi hapa tunaanza na mkuku, tunasimamisha mataruma, kisha tunapanda na mbao ubavuni moja baada ya nyingine, na kila panapokutana mbao mbili tunatia kalafati, pamba iliyolowa mafuta ya mawese, tukiisindika kwa patasi butu hadi sauti ya nyundo ibadilike. Ubao ukioza baada ya miaka, hatutupi boti. Tunautoa huo mmoja, tunaweka mpya, boti inarudi majini. Setsuna imeundwa kwa fikra hiyo hiyo: ubao mmoja unaweza kuchomolewa na kubadilishwa bila kuvunja jirani zake, na kwenye dashibodi kuna mita inayohesabu miaka 100, ili gari lirithiwe na watoto na wajukuu.

Dereva wa Uvinza anapima gari kwa safari, na fundi siti analipima kwa pa kuketi. Mimi naongeza jambo moja: kitu kilichoachiwa nafasi ya kutengenezwa kinapoharibika kina uhai wa gari, maana aliyekiunda alijua kitatumika na kuchakaa. Mchonga sanamu hatengenezi pa kubadilishia ubao.

Dereva wa Fuso, Uvinza

Asanteni wazee wangu. Habari ya mwana wa Zero kushindwa na 504 nimeisoma kwa sauti mbele ya utingo wangu, tukairudia. Kwa Zero nimekubali, na kwa gari la mbao nimekubali. Kwenye Modulo bado nimesimama pale pale, kwa sababu mwalimu mwenyewe alisema ilikuwa ya kutazamwa.

Fundi Bodi, Isevya

Kijana wangu, Modulo ilinunuliwa mwaka ule ule wa 2014 na Mmarekani James Glickenhaus, ambaye aliifanyia kazi hadi ikatembea kwa injini yake barabarani. Kwa kipimo chako, ilikuwa sanamu kwa zaidi ya miaka 40, kisha ikageuka gari, ilhali umbo lake ni lile lile la Paolo Martin na siti ni zile zile. Mimi nashindwa kukubali kwamba kitu kinaweza kubadilika namna hiyo kwa kufungiwa injini tu, kwa sababu gereji kwangu wakati huu kuna pikapu tatu zisizo na injini na zote nina kadi zake.

Mwalimu wa Michoro, Tabora Mjini

Wazee wangu marahaba kwenu nyote mlionisalimu, na shikamoo kwa mzee wa Isevya na mzee wa Kibirizi. Scarab niliiona, mzee, tena kwa karibu: ina umbo la mgongo wa mende, na ndani inafanana zaidi na sebule ndogo kuliko gari.

Majibu yenu niliyapeleka darasani jana. Sikuyasoma. Nilichukua chaki nikachora mstari ukutani, sentimita 84 kutoka sakafuni, nikawaambia hapo ndipo linapoishia gari zima, kisha nikamwita yule kijana aliyeuliza swali. Tulitandika mkeka chini ya mstari, tukaegemeza ubao wa kuchorea uwe mgongo wa siti, tukaweka daftari sakafuni mahali pa kile kipande cha mpira. Akavua viatu, akakanyaga daftari, akageuka, akajishusha. Mara ya kwanza kichwa kilipita mstari kwa upana wa kiganja. Wenzake wakalaza ubao zaidi, wakampima tena, kikapita kidogo. Mara ya nne kikaingia, akawa amelala karibu chali, akinyoosha mikono mbele kutafuta usukani ambao haupo. Akakaa kimya, kisha akauliza: “Mwalimu, mguu wa klachi unakaa wapi?”

Hakuna aliyelirudia swali la sanamu. Kipindi kilipokwisha walikuwa bado wanapima kutoka nyayo hadi goti, na michoro waliyoniletea leo asubuhi yote imeanzia kwenye nyayo, hata ya wale ambao siku zote huanza na taa za mbele.

Fundi siti wa Kanyenye, nina ombi. Kama utakuwa na siti ya Hiace ambayo hujaivisha bado, naomba Jumamosi niwalete wanafunzi kumi hapo kwako waione ikiwa mifupa mitupu, wapime kona ile ya juu uliyoitaja, kisha wakuone ukikata.